Gugu-Maji Hukaa Palipoandaliwa

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sijui kama wahenga hao waliwahi kuliona gugu-maji, lakini methali hiyo ni kana kwamba waliitunga wakiwa wameliangalia. Ua lake ni la zambarau iliyopauka, na petali ya juu ina doa la manjano mfano wa jicho la unyoya wa tausi. Majani yake yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Mabua yake yamefura kama maputo, na hayo ndiyo yanayolifanya lielee. Ukilitia ndani ya beseni ukaliweka sebuleni, mgeni atalisifu kabla hajaisifu chai yako.

Ndugu msomaji, sikushika kalamu ili nilisifu. Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno mawili ambayo watu wa hapa Muhuru hupenda kuyasema, na yote mawili naona yatatuponza. La kwanza ni kwamba ati gugu ni shida ya watu wa Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay, na kwetu haliwezi kukaa. La pili ni kwamba gugu ni kama nzige, huja likitaka na huondoka likitaka, mwanadamu hana lake. Mimi nasema gugu halina miguu wala ukaidi. Hukaa pahali palipoandaliwa. Na anayepaandaa, mara nyingi, ni sisi wenyewe.

Kwanza tujue lilikotoka. Kwao ni bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini. Huko lina adui zake, yaani wadudu wanaolila, na mafuriko ya kila mwaka hulichukua na kulitawanya, kwa hivyo linaishi kama mmea mwingine wowote. Walioliondoa kwao ni watu waliopenda ua lake. Kuanzia karne ya 19 lilichukuliwa kupelekwa katika bustani na vidimbwi vya matajiri sehemu nyingi za dunia. Inasimuliwa kwamba kule Marekani liligawiwa watu kama zawadi kwenye maonyesho ya New Orleans mwaka 1884. Baada ya miaka michache mito ya Louisiana na Florida ikawa haipitiki kwa merikebu. Hapo ndipo mbunge mmoja wa Louisiana, Robert Broussard, alipopeleka mswada bungeni mwaka 1910 ili serikali iagize viboko kutoka Afrika waje walile gugu hilo, na wananchi nao wale nyama ya viboko! Mswada haukupita. Sisi tunaoishi na viboko na tunaojua wanavyomfanya mtu aliyechelewa kutoka ziwani, tunaweza kuwaambia Wamarekani kwamba waliponea chupuchupu.

Afrika Mashariki nayo ikapata mgao wake. Mto Pangani wa Tanzania ulikuwa nalo tangu miaka ya 1950. Ziwa Kyoga la Uganda liliingiliwa mwaka 1988, na mwaka uliofuata, 1989, likaonekana katika Ziwa Victoria. Wataalamu wengi wanaamini kwamba njia yake kubwa ilikuwa mto Kagera unaotoka Rwanda na Burundi, ambako lilikuwa limepandwa kama ua enzi za wakoloni Wabelgiji. Ua la bustani likaangukia kijito, kijito kikalitia mtoni, mto ukalitia ziwani.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Maji ya ziwa hili ni yale yale na mbegu ni ile ile. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Kenya ina asilimia 6 tu. Mbona basi katika kipande chetu kidogo, Ghuba ya Winam ndiyo iliyoteswa kuliko pahali pengine pote? Mwaka 1998 ghuba hiyo ilifunikwa na zaidi ya hekta 17,000 za gugu. Bandari ya Kisumu ilizibwa, mitumbwi ya Homa Bay ikakwama ufuoni, na mtu angeweza kudhani kwamba pale palipokuwa na ziwa sasa pana malisho ya ng'ombe. Wakati huo huo sehemu za ziwa wazi, zenye mawe na mawimbi, zilikuwa zikipata vipande vinavyopita tu.

Jibu ni makao. Gugu-maji lina mambo manne linayoyataka, nami nitayaeleza kwa jinsi mvuvi yeyote wa hapa anavyoweza kuyathibitisha kwa macho.

Linataka jua na joto. Hayo tunayo mwaka mzima. Kule Uingereza gugu likiwekwa kwenye kidimbwi huuawa na baridi kali, kwa hivyo kwa miaka mingi waliliuza madukani bila wasiwasi kama tunavyouza miche ya sukuma wiki. Hata hivyo mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku biashara yake, kwa sababu nchi zake za kusini hazina baridi ya kutosha kuliua.

Linataka maji matamu. Chumvi ya bahari hulikausha, ndiyo maana Mombasa hawahofii kwamba litafunika bahari. Ziwa letu, ole wetu, ni tamu.

Linataka utulivu. Hili ndilo watu wa Muhuru wanalolitegemea bila kulijua. Rasi yetu imejitokeza ndani ya ziwa kama mkono, na upepo wa alasiri unapovuma mawimbi hupiga mawe upande wa nje mpaka povu linarukia njiani. Shada la gugu likifika hapo huraruliwa, majani huvunjika, mizizi hung'oka, na kinachobaki hutupwa juu ya mawe kikakauka. Lakini upande wa ndani, pale maji yalipolala na mitumbwi ikafungwa, gugu lile lile hutulia. Kesho yake limeongezeka jani. Katika maji mazuri kwake idadi yake huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki moja au mbili, kwa kutoa vichipukizi tu, bila hata kungoja mbegu. Ghuba ya Winam ni kama chupa iliyolazwa. Mdomo wake ni mwembamba, maji yake si ya kina kirefu, na upepo wa mchana husukuma kila kinachoelea kuingia ndani. Isitoshe, katika miaka ya 1980 mlango mmoja wa ghuba hiyo pale Mbita ulizibwa kwa barabara ya mawe ya kwenda Rusinga. Maji yakakosa pa kupumulia upande huo mpaka daraja lilipojengwa miaka mingi baadaye.

La nne ndilo zito, nalo ni chakula. Gugu halina mizizi ndani ya udongo, hivyo hula kile kilichoyeyuka majini, hasa naitrojeni na fosforasi. Vitu hivyo vinatoka wapi? Vinatoka kwenye maji machafu ya miji, mbolea ya mashamba ya miwa na mahindi, samadi, na udongo mwekundu unaochukuliwa na mito kama Nyando na Sondu-Miriu. Ndugu zetu wa Nairobi hawana ziwa, lakini walikuwa na bwawa lao, Nairobi Dam, ambalo watu walikuwa wakipanda mashua za tanga. Maji machafu ya mitaa yakaingia humo, na gugu likalifunika bwawa lile hata ukisimama kando yake huoni maji. Halikufika huko kwa kupenda hewa ya Nairobi.

Anayebisha achukue mabeseni mawili. Moja atie maji ya ziwa ya mbali na ufuo, la pili atie maji yale yale na konzi ya samadi ya ng'ombe. Aweke mche mmoja mmoja wa ukubwa sawa, kisha ahesabu majani kila Ijumaa. Akimaliza ayaanike magugu hayo juani mpaka yawe kama tumbaku. Asije akayamwaga ziwani akasema ni chama cha Kiswahili kilichomtuma!

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Muhuru tuna kinga ya mawimbi, lakini hatuna kinga ya ujinga. Kaskazini mwetu mto Kuja, ambao wengine huuita Gucha, unateremka kutoka milima ya Kisii na Nyamira, unaungana na mto Migori na kuingia ziwani. Mvua ya masika ikinyesha maji yake huwa mekundu kama chai isiyo na maziwa. Huo ni udongo na mbolea ya mashamba ya watu walio mbali nasi, ambao pengine hawajawahi hata kuliona ziwa. Hao siwezi kuwafikia kwa gazeti hili. Lakini wapo wengine ninaowafikia.

Tazama vijighuba vyetu vidogo. Zamani, kwa masimulizi ya wazee, kila kijito kilipoingia ziwani palikuwa na mafunjo yaliyosongamana hata mtoto akipotelea humo hatafutwi na mtu mmoja. Mafunjo si takataka. Yanachuja. Maji ya mvua yakipita ndani yake huenda polepole, udongo hutua, na mbolea huliwa na mafunjo yenyewe kabla ya kufika ziwani. Leo mafunjo yamefyekwa, na pahali pake pamelimwa nyanya na sukuma wiki mpaka maji yanaramba matuta. Mvua ikinyesha, mbolea iliyotiwa Jumatatu huwa ziwani Jumatano. Hapo ndipo mahali hasa pa utulivu, pasipo na mawimbi. Kwa hiyo tumechukua kona ile ambayo upepo hauwezi kutusaidia, na tukaipelekea chakula. Hata mwenye nyumba ya kulala wageni hakaribishi mgeni vizuri hivyo.

Na nikitaja nyumba za wageni, kuna mtu mmoja, jina lake silitaji, aliyechimba kidimbwi mbele ya biashara yake si mbali na ufuo, akatia gugu-maji ndani ili kupapamba. Nilipouliza niliambiwa, "Si ni maua tu, na ziwani yapo tele?" Ndiyo, yapo. Lakini kidimbwi kikifurika wakati wa mvua maji yake huenda wapi? Karne nzima na zaidi imepita tangu New Orleans, nasi bado tunadanganywa na ua lile lile.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau. Gugu likitoweka halijafa. Mbegu zake huzama matopeni na zinaweza kukaa humo miaka 15 hata 20 zikiwa hai. Maji yakipungua, tope likapata jua, zinaota. Tuliliona hilo. Baada ya mwaka 1998 gugu lilipungua sana, na mnamo mwaka 2000 watu wakashangilia. Kisha ziwa likashuka mpaka mwaka 2006, mvua kubwa ikanyesha mwisho wa mwaka huo, na mwaka 2007 gugu likarudi Winam kwa kishindo. Mwaka 2020 ikawa kinyume: ziwa lilijaa kupita kiasi, likameza nyumba na vyoo vya watu wa ufuoni, na likang'oa visiwa vizima vya mimea vinavyoelea. Mwezi wa Aprili mwaka huo kisiwa cha namna hiyo kilikwenda kuziba mitambo ya umeme ya Jinja, na Uganda ikawa gizani. Hebu fikiria vyoo vile vilivyomezwa. Chakula cha gugu hicho.

Watu watasema, dawa si wale wadudu? Ni kweli, wadudu walisaidia. Ni fukusi wa aina mbili, wasiozidi punje ya mchele, walioletwa kwa sababu wao ndio adui wa gugu kule kwao. Uganda iliwaachilia mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Wakubwa hutafuna majani, na viluwiluwi vyao hutoboa mabua mpaka maji yanaingia ndani na gugu linazama. Walifanya kazi pamoja na mawimbi na mvua za El Niño, na wataalamu bado wanabishana ni nani alifanya zaidi. Lakini fukusi ni mnyonge mbele ya gugu lililoshiba. Akitoboa bua moja, gugu linaotesha mawili. Mashine nazo, kama zile za kukatakata zilizoletwa Winam mwaka 1999, ni za bei kali, na gugu lililokatwa likaachwa majini huoza na kuwa mbolea ya wenzake.

Wengine husema gugu ni mali, kwamba Kisumu watu hulisuka viti na vikapu. Mimi nawaheshimu wanaosuka. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya gugu ni maji matupu, na mtu akikausha mzigo wa kubebwa na punda anabakiwa na kitu cha kubebwa na mtoto. Viti vingapi vitamaliza hekta 17,000? Na wale wazee wanaofurahi kwamba gugu likija kamongo na mumi huwa wengi, waelewe sababu. Samaki hao wanaweza kuishi pasipo na hewa ya kutosha majini, ilhali ngege na mbuta hukimbia au hufa. Kamongo hajaongezewa baraka, ameachiwa nyumba.

Nisije nikaonekana ninalichukia ziwa pekee, hata nchi kavu mambo ni yayo hayo. Ule mmea tunaouita kwa Kijaluo nyabend winy, wenye vijiua vya rangi tatu nne na matunda meusi, nao uliletwa kuwa ua na ua, yaani ua la kupendeza na ua la kuzunguka boma. Ndege wanakula matunda na kunya mbegu kila pahali. Lakini hutauona ukistawi chini ya msitu wenye kivuli kizito. Huota kando ya barabara, kwenye malisho yaliyochoshwa na ng'ombe, pale tulipofyeka tukaacha. Ng'ombe akiula anaugua. Habari ni ile ile, makao tu yamebadilika.

Basi tufanyeje? Sisemi tungoje serikali. Nasema vijighuba vya ndani vigawanywe kwa fuo, na kila kamati ya usimamizi wa ufuo ing'oe magugu kwa mikono wakati yangali mashada machache, hasa mwezi wa kwanza baada ya mvua. Kazi ya watu kumi asubuhi moja ikiachwa miezi mitatu huwa kazi ya mashine. Yakishang'olewa yapelekwe mbali na maji, yafukiwe mashimo ya mboji. Vidimbwi vya maua vikaushwe. Na mafunjo yarudishwe kwenye midomo ya vijito. Sheria ya Kenya tayari inakataza kulima ukingoni mwa maji, kati ya mita 6 na 30 kutegemea pahali, ila hapa kwetu sheria hiyo naijua kwa kusoma tu, sijapata kuiona.

Hili la mafunjo si rahisi kwangu kulisema. Kijito kimoja kati ya hivyo ninavyovieleza kinapita katika shamba letu, na matuta ya nyanya yanayorambwa na maji ni ya baba. Karo ya muhula uliopita ilitoka kwa nyanya hizo, na omena mwaka huu hazikutosha hata kulipa mafuta ya injini. Kwa hiyo mtu asinijibu kwamba wanafunzi wanaandika tu kwa kuwa hawana shamba. Lakini nilipiga hesabu. Ukiacha mita 6 za ukingoni, baba anapoteza matuta mawili kati ya kumi na moja, na hayo mawili ndiyo yanayofunikwa na maji ziwa likipanda, kama ilivyokuwa mwaka 2020, ambapo hayakuvunwa hata nyanya moja. Upande wa pili wa hesabu kuna mtumbwi wake. Mtumbwi huo unafungwa mita chache kutoka hapo, ndani ya kijighuba kile kile. Siku gugu litakapokijaza, hatauza nyanya tu, atauza na injini.

Nilimsomea makala haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mita 6 zinapimwa kutoka maji ya leo au maji ya masika. Nikamwambia ya masika. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nitaacha matuta mawili, lakini na jirani wa ng'ambo aache yake. Mafunjo ya upande mmoja hayachuji kijito." Hilo ni kweli tupu, wala sikuwa nimeliandika. Jirani bado hajaulizwa. Tutakwenda kwake Jumapili baada ya kanisa, mimi na baba.